Hisabati ni Utamaduni: Hoja kutoka Ufuko wa Ziwa Tanganyika

Watu wengi nchini mwetu, wakilisikia neno utamaduni, fikra zao hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, ngano za wazee na nyimbo za unyago. Hatuna ugomvi na ngoma. Lakini utamaduni wa taifa ukikomea hapo, huwa ni mwili usio na kichwa. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, shabaha yake ilikuwa kuirudishia nchi heshima iliyoporwa na ukoloni. Heshima hiyo haimo katika ngoma peke yake. Imo pia katika uwezo wa watu kupima, kuhesabu, kupambanua na kutabiri kwa akili zao wenyewe. Taifa linaloimba kwa lugha yake, lakini likangoja wengine walihesabie mambo yake, uhuru wake ni nusu.

Katika makala haya tunakusudia kuitetea hisabati kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Na kwa kuwa utamaduni hauelei hewani, bali huchukuliwa na watu, tutawatetea pia watu wanaouchukua: vijana wanaohitimu hisabati katika vyuo vikuu vyetu, nafasi za kazi wanazozingoja, na fedha za utafiti zisizowafikia. Tunajua wako watakaosema kwamba ajira na bajeti ni mambo ya ofisi za utumishi na hazina, hayana mahali katika kitabu cha utamaduni. Tunawajibu kwamba ngoma isiyo na mpigaji haichezeki, na mpigaji asiyekula hapigi.

Tumechagua kuanzia Kigoma kwa makusudi. Kigoma ni mwisho wa reli. Yako mawazo kwamba elimu ya juu ni jambo la Mlimani, Dar es Salaam, na kwamba ikifika Kigoma huwa imekwisha kuchoka njiani. Sisi tunashikilia kinyume chake: ni katika ufuko huu ndipo haja ya hisabati ya wananchi wenyewe inapoonekana wazi kuliko mahali pengi.

Soko la Ujiji

Wale wanaodhani kwamba hesabu zililetwa na wamisionari pamoja na chaki na ubao, waisome historia ya Ujiji. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora. Soko lake liliwakutanisha Waha, Wajiji, Warundi, Wavira, Wamanyema na Waswahili wa pwani. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, ameeleza habari za fedha ya soko hilo, yaani shanga zilizoitwa sofi. Soko lilipoanza walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwapa wanunuzi kwa kubadilishana na shanga nyingine. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakapata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyejua uwiano. Mvunja fedha wa Ujiji hakuwa na kitabu, lakini alijua kwamba thamani hupanda na kushuka, na kwamba tofauti ndogo ikirudiwa mara nyingi huwa mali. Wavuvi nao walihesabu siku za mwezi, na wanazihesabu hata leo, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa karabai, wala kwenye mwanga wa taa za sola zilizokuja baadaye.

Hatusemi kwamba mvunja fedha au mvuvi alikuwa mwanahisabati kwa maana ya chuo kikuu. Kusema hivyo ni kujidanganya, na kujidanganya si kujitegemea. Tunachosema ni kwamba mbegu ilikuwapo. Swali la haki ni hili: tangu tulipojitawala, mbegu hiyo tumeipalilia kwa jembe la nani?

Dagaa, mgebuka na milinganyo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha meta 1,470. Maji yake ni takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Nchi nne zinalimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kitoweo cha mamilioni ya watu kinatoka humo, na zaidi ya yote ni dagaa, pamoja na migebuka.

Tarehe 15 Mei 2024 serikali yetu ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi jirani. Hatuupingi uamuzi huo. Kila mvuvi wa Katonga na Kibirizi anajua kwamba samaki wamepungua. Lakini raia anayekubali kulala na njaa kwa miezi mitatu anayo haki ya kuuliza: kwa nini miezi mitatu, wala si miwili au mitano? Kwa nini ianze Mei? Na ziwa likipumzika, ni samaki gani atakayenufaika?

Maswali haya hayajibiwi kwa hotuba, hujibiwa kwa milinganyo, na njia ya kuyajibu ina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtaalamu wa samaki wa Kitaliano, Umberto D'Ancona, alizichunguza takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki. Aliona jambo la ajabu. Katika miaka ya vita, uvuvi ulipopungua, samaki wanaokula wenzao walizidi kuwa wengi wakilinganishwa na wale wanaoliwa. Akampelekea fumbo hilo mkwewe, Vito Volterra, aliyekuwa mwanahisabati. Mwaka 1926 Volterra alitoa jibu lake. Aliandika milinganyo miwili, mmoja wa mla na mmoja wa mliwa, akathibitisha kwamba uvuvi ukipunguzwa, wastani wa walao huongezeka na wastani wa waliwao hupungua.

Sasa msomaji aligeukie ziwa letu. Mgebuka humla dagaa. Tukiifuata milinganyo ya Volterra bila kuongeza neno, kulifunga ziwa kwaweza kumnenepesha mgebuka kwa gharama ya dagaa, na dagaa ndiye kitoweo cha maskini! Hatusemi kwamba ndivyo itakavyokuwa Kigoma. Ziwa ni kubwa na mambo yake ni mengi kuliko milinganyo miwili. Kati ya Mei na Septemba huvuma upepo wa kusi, nao huyasukuma maji ya juu na kuyainua ya chini yenye rutuba; chakula cha dagaa hutegemea upepo huo. Dagaa huishi muda mfupi, karibu mwaka mmoja tu. Mgebuka huishi zaidi. Kufunga kwa muda mfupi si sawa na kupunguza uvuvi mwaka mzima. Haya yote yanapasa kuingizwa katika hesabu. Hoja yetu ndiyo hiyo: yanapasa kuingizwa, na lazima apatikane mtu wa kuyaingiza. Mtu huyo ni mwanahisabati anayeishi na ziwa, anayepokea takwimu za mialo mwezi hata mwezi, na anayekaa meza moja na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, katika kituo chao cha Kigoma. Nafasi ya kazi ya namna hiyo hatujaiona ikitangazwa.

Maji yenyewe yanadai hesabu kama samaki. Katika miaka ya 1870 ziwa lilipanda mpaka likakivunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo. Kuanzia mwaka 1878 hivi lilishuka kiasi cha meta kumi, na hii ni sababu mojawapo ya ukumbusho wa Livingstone na Stanley pale Ujiji kusimama leo mbali na maji. Tangu mwaka 2020 likapanda tena, likaingia katika nyumba na mialo ya Kigoma na katika mitaa ya Bujumbura. Maji yanayoingia kwa mvua na kwa mito kama Malagarasi na Rusizi, na yanayotoka kwa Lukuga na hasa kwa jua linaloyakausha, yanaweza kuwekwa katika hesabu ya mapato na matumizi kama duka. Mwananchi aliyejenga ufukoni angependa kuiona hesabu hiyo kabla maji hayajafika kitandani.

Masanduku ya Liemba

Kila mwanafunzi wa Kigoma anaijua meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari, kwa reli na kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Babu zetu waliyabeba masanduku. Michoro ilibaki na wengine.

Tunaogopa kwamba utafiti wa ziwa letu umefanywa kwa mtindo wa Liemba. Kuanzia mwaka 1992 ulikuwapo mradi mkubwa wa utafiti chini ya shirika la FAO, kwa fedha za Finland. Kuanzia mwaka 1998 ukaja Mradi wa Nyanza, kwa fedha za Marekani, uliowafunza vijana wa Kimarekani na wa Kiafrika pamoja hapa Kigoma. Kazi za miradi hiyo zilikuwa nzuri, na waliozifanya ni marafiki zetu. Mwaka 2003 jarida la Nature lilitoa makala yaliyoutangazia ulimwengu kwamba joto la dunia limeyafanya maji ya ziwa yasichanganyike vema, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umepungua kwa kiasi cha asilimia 20. Waandishi wake wote walikuwa wageni. Hesabu za mawimbi ya ndani ya ziwa, yale yasiyoonekana kwa macho ambayo huchukua wiki kadhaa kwenda na kurudi, zilifanywa Ubelgiji. Vipimo vilichukuliwa kwetu, mitumbwi ilikuwa yetu, na walioshika kamba usiku wa baridi ni ndugu zetu. Masanduku tuliyabeba tena.

Hatumlaumu mgeni aliyekuja kufanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Tunajilaumu wenyewe. Mgeni huondoka fedha zake zikiisha, naye ana haki ya kuondoka. Ziwa haliondoki, wala sisi.

Nafasi za kazi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Sayansi ilifuata mwaka 1965. Mwaka uliofuata kikaanzishwa Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, ambacho kinaendelea hadi leo. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa cha taifa. Wazee wetu, wakiwa na hazina ndogo kuliko ya sasa, waliona kwamba nchi isiyo na walimu wake wa hisabati haiwezi kuwa na wahandisi wake, wala wataalamu wake wa takwimu, wala hata walimu wake wa shule za msingi. Wakawapeleka vijana ng'ambo, nao wakarudi.

Je, leo kijana anayependa hisabati anaiona njia gani mbele yake? Ili awe mkufunzi msaidizi katika chuo cha umma, hana budi kuwa na wastani usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Akisha kuupata, angoje kibali cha ajira. Kibali hakitoki chuoni. Hutoka serikalini, na huja kwa hesabu ya nafasi za nchi nzima. Juni 2016 ajira mpya zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti. Uhakiki ulikuwa wa haki, kwani mwaka uliofuata watumishi zaidi ya 9,000 waligunduliwa kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini wenye vyeti halali nao walingoja nje ya mlango ule ule. Idara ya hisabati si ghala ambalo ukilifunga mwaka mmoja utalikuta lilivyokuwa. Ni kama shamba la michikichi ya Kigoma: usipopanda mwaka huu, pengo litaonekana miaka mingi baadaye, wakati waliopanda zamani wamekwisha kuzeeka.

Mmoja wa wanafunzi tuliowafundisha katika mkoa huu alihitimu hisabati kwa daraja la kwanza. Alingoja miaka mitatu. Mara mbili tangazo lilitoka. Mara ya kwanza lilikuwa la fani nyingine, mara ya pili nafasi ilikuwa moja na waombaji walikuwa wengi. Leo anafanya kazi katika benki, anapima mikopo ya watu, na anaifanya vema. Benki haikukosa, wala yeye hakukosa. Lakini alipotujia likizo alituambia kwamba daftari lake la milinganyo amelihifadhi katika sanduku la nguo, na kwamba halifungui tena kwa sababu linamtia uchungu. Kijana huyo tulimsomesha kwa kodi za wavuvi, kisha tukakosa kiti cha kumkalisha.

Hata aliyekwisha kufika juu hana hakika ya kubaki. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Aliipata Berlin, na fani yake ni mwendo wa vimiminika, yaani elimu ile ile inayohitajika kulielewa ziwa. Alifundisha Dar es Salaam miaka mingi, kisha akaenda kufundisha na kuongoza utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Rwanda ni jirani na ndugu, na msomi ana uhuru wa kwenda atakako. Lakini wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Nchi ndogo isiyotufikia kwa ukubwa ilijua namna ya kumtunza mchezaji wetu.

Fedha za utafiti

Mwaka 1968 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Utafiti wa Kisayansi. Mwaka 1986 likaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kurithi kazi hiyo, pamoja na mfuko wa kuendeleza sayansi. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika waliweka shabaha ya kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo imerudiwa mara nyingi tangu hapo, hata na viongozi wetu. Hatujaifikia.

Basi nani ameilipia hisabati yetu? Tangu mwaka 2002, sehemu kubwa ya masomo ya juu ya hisabati katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi imeungwa mkono na mpango wa pamoja wa Afrika Mashariki unaopata msaada kutoka Uppsala, kwa fedha za Sweden. Tunawashukuru kwa dhati. Wanahisabati wengi wa kanda hii wasingekuwapo bila msaada huo. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Juni 2023 serikali ya Sweden ilisimamisha ghafla fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia katika baraza lake la utafiti. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Hakuna aliyetuuliza, wala hapakuwa na sababu ya kutuuliza, kwa kuwa fedha hazikuwa zetu.

Ni haki tuseme pia yaliyofanywa nyumbani. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo za shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu, na hisabati ikatajwa miongoni mwa fani zake. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga kampasi mikoani na kuwasomesha wahadhiri; Kigoma nayo imepangiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Tunayapongeza haya. Hata hivyo tuzo hupewa aliyekwisha kuvua. Yule anayeingia majini kwa mara ya kwanza hahitaji tuzo. Anahitaji wavu, na mafuta ya taa, na uhakika kwamba watoto wake watakula wakati yeye yuko ziwani. Na jengo jipya lisilo na mhadhiri ni mtumbwi mzuri ulioachwa mchangani.

Majibu kwa wapinzani

Wapo wanaosema: mwanahisabati anahitaji karatasi na kalamu tu, fedha za nini? Kwanza, si kweli. Anahitaji majarida, kompyuta, nauli ya kukutana na wenzake, na takwimu zinazokusanywa kwa gharama. Pili, hata kama ingekuwa kweli, anahitaji kitu kimoja kilicho ghali kuliko vyote, nacho ni wakati. Mhadhiri anayesahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi mchana, na kufundisha chuo kingine jioni ili apate kodi ya nyumba, hana wakati huo.

Wapo wanaosema: sisi ni maskini, hisabati ya juu ni anasa ya matajiri. Tunawakumbusha habari za Srinivasa Ramanujan. Alikuwa karani wa bandari ya Madras, akilipwa rupia 30 kwa mwezi, katika India iliyotawaliwa na Waingereza na yenye umaskini mkubwa. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa ameshindwa mitihani ya chuo kwa sababu hakujali somo lolote ila hisabati. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Madras kilimpa posho ya utafiti ya rupia 75 kwa mwezi, ili akae na kufikiri. Alikuwa hajaiona Cambridge bado. Leo hakuna mwanahisabati duniani asiyelijua jina lake. Tunauliza: je, karani wa bandari ya Kigoma mwenye kipaji kama hicho angeupita mlango wetu wa 3.8? Hatusemi kiwango kishushwe, maana chuo kisichochagua si chuo. Tunasema kiwango cha mtihani kisiwe mlango pekee wa nyumba.

Wapo, mwishoni, wanaosema: fedha ziende katika shule kwanza, kwa kuwa watoto wanashindwa hesabu. Ni kweli wanashindwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 ni mmoja tu kati ya kila watano aliyefaulu hisabati. Mwaka 2023 alikuwa mmoja kati ya wanne. Lakini nani anamfundisha mwalimu wa shule? Anafundishwa na mhadhiri wa chuo kikuu. Chemchemi ikikauka mlimani, haisaidii kuongeza ndoo bondeni. Tena mtoto hujifunza kwa kuona. Akimwona mhandisi anaheshimiwa, atataka uhandisi. Akiwa hajapata kumwona mtu anayekula kwa hisabati, kwa nini aamini maneno yetu tunapomwambia kwamba hisabati ni uhai?

Tunayoyadai

Basi tunadai mambo manne, wala hakuna lililo kubwa kupita uwezo wa nchi.

Kwanza, nafasi za kazi katika idara za hisabati za vyuo vikuu vya umma zipangwe kwa miaka kumi mbele na kutangazwa kila mwaka, hata kama ni mbili au tatu, ili kijana aliye kidato cha sita leo ajue kuna mlango na ajue utafunguliwa lini.

Pili, sehemu maalumu ya mfuko wa COSTECH, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa sayansi za msingi, hisabati ikiwamo, itolewe kwa fedha zetu wenyewe, na itolewe mwanzoni mwa kazi.

Tatu, pawepo Kigoma nafasi za kudumu za wanahisabati wa ziwa, wakishirikiana na TAFIRI na vyuo vikuu, pamoja na wenzao wa Bujumbura, Uvira na Mpulungu. Kabla ziwa halijafungwa tena, hesabu yao isomwe hadharani mialoni.

Nne, isomwe kwa Kiswahili. Mvuvi anayeambiwa asivue anastahili kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mwanahisabati asiyeweza kuieleza kazi yake kwa lugha ya taifa hajaimaliza. Hapo ndipo hisabati itakapokuwa utamaduni kweli, wala si bidhaa ya kuagizwa.

Kwenu walimu tunasema: msimzuie mwanafunzi apendaye milinganyo kwa kumwambia kwamba haina kazi. Mwambieni ukweli kwamba kazi ipo tele, kinachokosekana ni kiti, na kwamba kiti hutengenezwa na wananchi wanaokidai. Nanyi wanafunzi wa Ujiji, Kasulu, Kibondo na kwingineko, ulizeni maswali yenu kwa sauti. Ziwa limekwisha kuwapa maswali ya kuwatosha maisha. Babu zenu walibeba masanduku ya Liemba bila kuonyeshwa michoro. Ninyi jifunzeni kuichora.